Gari linapimwa, dereva hapimwi

Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na njiani gari langu linapanda mizani Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako na Mpemba. Ekseli moja ikizidi, unawekwa pembeni, tajiri mwenye gari anapigiwa simu, faini inalipwa ndipo unaondoka. Nimeendesha lori njia hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Uliza uzito wa mzigo wowote niliowahi kubeba, shaba, mbolea, saruji, marumaru, nitakutajia. Uzito wangu mwenyewe nilikuja kuujua mwaka 2023, nikiwa na miaka arobaini na sita, kwa kijana mwenye mizani ya barabarani pale Mbagala Rangi Tatu. Sindano ilikimbia ikakaribia kumaliza duara. Kilo 126. Kijana akaniangalia, akasema, "Mzee, ungeongeza kidogo ungeniharibia kifaa."

Na urefu wangu ni sentimita 170 tu.

Kabla ya siku hiyo hakuna aliyewahi kuniambia kuwa nina tatizo la uzito. Kwa dereva wa lori kitambi ni kama leseni, asiye nacho anaonekana bado hajaikomaa kazi. Mama mkwe alikuwa akiniona anafurahi, anasema binti yake ananitunza. Neno kiribatumbo, yaani unene uliopitiliza, nililisikia redioni, nikacheka kama kila mtu, sikudhani linanihusu.

Kilichonishtua ni usingizi. Nilikuwa nimelala Morogoro tangu saa mbili usiku, nikaondoka asubuhi, na saa nne nikawa katikati ya Hifadhi ya Mikumi. Utingo wangu akapiga kelele, "Mzee, twiga!" Nikafunga breki. Twiga alikuwa keshamaliza nusu ya barabara na mimi sikuwa nimemwona. Nyani mtu anaweza kumkosa. Mtu asiyemwona twiga mchana kweupe, baada ya kulala kwa saa kumi, ana lake jambo.

Nyumbani mama watoto alikuwa amehamia chumba cha watoto kwa sababu ya kukoroma kwangu. Nilipomsimulia habari ya twiga akaniambia kitu ambacho alikuwa anakificha: "Hukoromi tu. Unakoroma, halafu unakata. Nakaa nahesabu. Halafu unashtuka kama mtu aliyeopolewa majini." Akamalizia, "Punguza hilo tumbo, baba."

Nikaanza kulipunguza kwa njia niliyoijua, yaani njia ya mkato.

Nilinunua chai ya majani kwa mtu wa mtandaoni, aliyeahidi kilo kumi kwa siku kumi. Pakiti haikuwa na jina la kiwanda wala orodha ya vilivyomo. Kazi yake niliijua nikiwa kati ya Ilula na Iringa, nikitafuta kichaka. Wiki nzima ilikuwa vichaka. Niliporudi kwa yule kijana wa Rangi Tatu nilikuwa na kilo 121, nikashangilia. Wiki mbili baadaye, bila chai, 126 zilikuwa zimerudi zote. Zilizokuwa zimeondoka ni maji na haja kubwa. Mafuta hayakuguswa. Baadaye niliambiwa kwamba dawa nyingi za aina hiyo zina majani ya kuharisha, na kwamba nyingine huchanganywa kwa siri na dawa zilizokwisha kupigwa marufuku, kama sibutramini, ambayo iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuleta shida za moyo na kiharusi. Kitu hakina usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa, huna namna ya kujua unakunywa nini.

Njia ya pili ikawa njaa. Nilikula mlo mmoja, siku nyingine sikula kabisa, nikitegemea maji na kahawa. Wakati huohuo nilikuwa nameza vidonge vya presha, kimojawapo kile cha kukojoza. Siku ya tatu, Uyole, nikafungua mlango wa kabini nishuke. Mguu ulifika kwenye ngazi, kichwa hakikufika. Nilianguka kwa bega, na kama si utingo kunidaka kiunoni ningelifikia lami kwa uso.

Ndivyo nilivyoingia hospitali moja pale Mbeya mjini. Namshukuru Mungu ilikuwa Mbeya, maana napita pale kila baada ya wiki mbili, kwenda au kurudi. Daktari alikuwa dada mdogo, nilimkadiria miaka thelathini. Nilijiandaa kusemwa. Hakunisema. Aliniuliza kwanza nalalaje. Akanipima shingo kwa utepe wa fundi cherehani, sentimita 45. Akapima kiuno, 131. Presha, sukari, mafuta ya damu, ini, figo, na akaniomba ruhusa ya kupima VVU. Nikasema pima vyote.

Majibu: presha juu, sukari 6.4 nikiwa sijala, haijawa kisukari ila iko mlangoni. VVU hakuna. Ile pumzi ya kukata, akasema, ndiyo iliyokaribia kuua twiga na wewe. Mafuta ya shingoni yanabana njia ya hewa ukilala, ubongo unakosa hewa, unakuamsha bila wewe kujua, mara nyingi kila saa. Kwa hiyo umelala saa kumi lakini hujalala. Alinieleza kuhusu mashine ya kuvaa puani usiku, bei yake nikaiacha palepale mezani. Basi akanipa masharti ya kuanzia: usiendeshe usiku, lala ubavu, pombe uiache, ukisinzia simamisha gari ulale, usijidanganye na kopo la kuongeza nguvu. Tukapiga hesabu pamoja hapo. Nasinzia kwa sababu ni mnene, nakunywa kopo lenye sukari nisisinzie, sukari inaninenepesha, nasinzia zaidi. Miaka yote hiyo nilikuwa nazunguka kipilefti kimoja.

Kisha akaniambia lengo. "Baba, tutafute kilo sita kwanza."

Nilidhani nimesikia vibaya. Kilo sita kwa mtu wa 126? Akasema ndiyo, asilimia tano. Mtu akipunguza asilimia tano hadi kumi ya uzito wake, presha huanza kushuka, sukari inarudi nyuma, ini linapumua. Kwa kasi gani? Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, isizidi hapo sana. Ukikimbiza, mwili unakula misuli yako, na nyongo inaweza kutengeneza vijiwe. Kuhusu goti, ambalo lilikuwa linanisumbua upande wa klachi, alinipa hesabu ninayoipenda mpaka leo: kila kilo moja inayotoka hupunguza mzigo wa kilo nne hivi gotini katika kila hatua. Mimi ni mtu wa mizigo. Kilo kumi na mbili maana yake goti linashusha karibu mfuko mzima wa saruji, kila hatua. Hapo nikamwelewa.

Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kuandika kila ninachokunywa kwa siku tatu, bila kubadili chochote. Niliandika nyuma ya daftari la mafuta. Chai vikombe vinne, vijiko vinne vya sukari kila kimoja. Soda tatu za chupa ya mililita 350. Soda ya kola ya ukubwa huo ina gramu 37 hivi za sukari, sawa na vijiko vidogo tisa. Jumla vijiko 43 kwa siku, na makopo ya kuongeza nguvu sijayahesabu. Jioni moja tumepaki Makambako, baridi kali, mimi na utingo tukachota vijiko 43 kwenye bakuli. Kijana akanyamaza. Kwa mwendo ule, kila siku tatu nilikuwa namaliza nusu kilo ya sukari peke yangu, na wala sikuwa naila, nilikuwa nainywa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana 5, yaani vijiko kama sita tu kwa siku nzima.

Chai niliipunguza kijiko kimoja kila wiki. Kijiko cha mwisho kilinitesa kuliko vile vitatu vya mwanzo, nakiri. Soda niliikata yote siku moja, kwa sababu soda najijua, nikionja nusu nitamaliza kreti.

Chakula chenyewe hakikuhitaji uchawi. Madereva wengi tuna jiko la gesi na sufuria kwenye sanduku la ubavuni mwa tela, tatizo letu ni uvivu. Chipsi mayai ya kununua inakuja dakika kumi, na mpishi haoni haya kumimina mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori 120, na mimi nilikuwa nakula sahani inayoogelea. Tukaanza kupika. Ruaha Mbuyuni unapata vitunguu, Ilula nyanya, Uyole kabichi na karoti kwa bei ya kutupa. Maharage tunachemsha mengi, tunakula siku mbili. Dagaa, mayai ya kuchemsha, samaki akipatikana. Ugali sikuuacha, na yeyote atakayeniambia niache ugali tutakosana. Niliupunguza tu. Nusu ya sahani mboga za majani na kabichi, robo ya maharage au dagaa, robo ya ugali, tonge la ukubwa wa ngumi yangu. Wiki ya kwanza nililala na njaa. Ya pili kidogo. Ya tatu maharage yalikuwa yamezoea kazi yao.

Kutembea nilianzia kwenye foleni ya Tunduma. Wanaoijua foleni ile wanajua kwamba malori yanajipanga mpaka unasahau ulikuja kufanya nini. Mwanzo nilizunguka gari langu tu, kichwa mpaka mkia wa tela, mara kumi, dakika kumi, nikiwa na pumzi juu kama niliyepandisha mlima Kitonga na gia ya tisa. Halafu nikaanza kuifuata foleni yenyewe, nageuka nikichoka. Daktari alitaka dakika 150 kwa wiki na alinikataza kukimbia, kwa uzito ule magoti yangeniaga. Madereva wenzangu walinipigia honi. Mmoja akaniuliza kama nimeibiwa betri, natafuta mwizi.

Mwezi wa kwanza zilitoka kilo nne. Iliyofuata ikawa mbili, tatu, tatu. Kufikia Desemba nilikuwa na 114.

Hapo ndipo shida kubwa ilipoanza, na kuhusu hiyo daktari hakuwa amenionya.

Uso ndio unaotangulia kukonda. Tumbo langu lilikuwa bado lipo, lakini mashavu yalikuwa yameingia, shati linaning'inia, na suruali nimeifunga mkanda hadi imekunjana kama gunia. Mama ntilie wa Tunduma anayenijua miaka mingi akaniwekea nyama ya ziada, akainama, akasema kwa sauti ndogo, "Baba, unaumwa?" Nikamwambia nafanya diet. Akaitikia kama unavyomwitikia mtoto anayesema hajaiba sukari.

Dereva wa njia ndefu akipungua, watu hawana maswali mengi. Kakanyaga waya, yaani kaupata ukimwi. Basi. Mbagala majirani walianza kumsalimia mke wangu kwa upole wa msibani. Kaka yangu mkubwa alipanda basi kutoka Tanga bila taarifa, tukala, tukaswali Isha, ndipo akanivuta nje uani. "Mdogo wangu, siku hizi dawa zipo. Umeshapima?" Machozi yalikuwa yanamlenga. Nikaingia ndani nikamletea kadi ya hospitali. Akaisoma kwa tochi ya simu mara mbili, akakaa kimya, kisha akanitukana, matusi ya kumshukuru Mungu.

Siwalaumu. Miaka ya tisini mwishoni, nikiwa bado utingo, nilizika madereva wawili niliowafanyia kazi, na wote walianza hivyohivyo, shati kuning'inia. Na kweli, mtu akipungua bila kufanya lolote akapime, maana kifua kikuu, kisukari na VVU huanza kwa mlango huo. Tofauti ni kwamba mimi nilijua kila kilo ilitoka kwa soda ipi.

Kilichouma ni tajiri. Aliniita ofisini akaniambia amesikia sina hali nzuri, kama nahitaji kupumzika nisione haya. Maana yake gari limeshapata dereva mwingine, yuko nje anasubiri funguo. Nikatoa kadi mfukoni, siku zile nilikuwa natembea nayo kama kitambulisho. Nikamwonyesha 126, nikamwonyesha 114, nikamwonyesha presha. Akasoma taratibu. Akaangalia tumbo lake. Akauliza, "Huyo daktari wako anapatikana siku gani?"

Nusura niache wakati ule. Watu wanafikiri wanene hurudi kula kwa sababu ya njaa. Mimi nilitamani kurudisha mashavu ili mke wangu aachwe aende sokoni kwa amani. Mwenyewe ndiye aliyekataa. "Waache waseme," akasema, "wewe siku hizi unashtuka mara mbili tu kwa usiku." Alikuwa bado anahesabu, kutoka chumba cha pili.

Januari kizunguzungu kikarudi. Nilishajifunza, sikusubiri kuanguka. Daktari akapima presha: 106 kwa 64. Vidonge vilevile vilivyokuwa vinamtosha mtu wa kilo 126 vilikuwa vinamzidi huyu mpya. Akatoa kile cha kukojoza, akabakiza amlodipini. Akaniambia jambo hilo ni la hatari zaidi kwa wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge kama glibenklamidi, kwa sababu wakipunguza chakula na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka hadi mtu azimie. Dozi hupunguzwa na aliyekuandikia, hujipunguzii mwenyewe. Rafiki yangu mmoja wa Mafinga alipoona nimepungua akaacha dawa zake zote za presha siku moja, akale kabichi tu. Ilimfikisha wodini.

Ramadhani ya 2024 niliomba likizo nikafungie nyumbani. Mchana kutwa sili, jioni mihogo ya nazi, tambi, viazi vitamu, kalimati, uji wenye sukari, na kila jirani akileta sahani, maana walishaamua niongezewe afya. Kilo tatu juu. Daktari alicheka, lakini akanieleza kwa nini pia kabla ya hapo nilikuwa nimekwama kwenye 112 kwa wiki sita bila kuvunja sharti. Mwili ukipungua unadhani kuna njaa nchini. Unabana matumizi, unaongeza hamu ya kula. Si ulegevu wa mtu, ndivyo ulivyoundwa. Tukaongeza mwendo kidogo, na kunyanyua madumu ya maji ya lita tano, moja kila mkono, ili misuli isipotee. Sindano ikaanza tena kusogea, shingo upande.

Mpwa wangu aliyeko Muscat alinipigia simu kunisifia sindano za semaglutidi za kupunguza uzito, za kuchoma mara moja kwa wiki. Zinafanya kazi kweli, daktari hakupinga, ila bei yake na ya kuendelea nayo siiwezi, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu za bandia, kwa hiyo za kutumiwa kwenye begi la mtu nikakataa. Kuna pia puto la tumboni na upasuaji, hospitali ya Mloganzila wanafanya. Aliniambia kwa mwenye uzito kama wangu wa mwanzo si aibu kufikiria, na kama nitarudi nyuma tutaliongea tena. Sijafunga mlango huo.

Leo nina kilo 104. Kwa vitabu bado ni kiribatumbo, maana ukigawanya uzito kwa urefu mara urefu, kwa mita, napata 36, na mstari unaanzia 30. Sukari imeshuka hadi 5.5. Mkanda wa gari unafunga bila kuvuta pumzi. Watu wa mtaani wamechoka kunisubiri nife, sasa wananiuliza natumia majani gani, na nikiwataja maharage wanahisi ninaficha.

Mama watoto amerudi chumbani. Wiki iliyopita saa nane usiku alinitikisa kwa nguvu mpaka nikakaa. "Vipi?" nikamuuliza. Akasema, "Ulikuwa kimya, nikadhani umekufa." Nikamwambia nilikuwa nimelala tu. Akageuka, akavuta shuka lote, na kabla sijapata usingizi alikuwa keshaanza kukoroma yeye.